Dakika Ishirini Mbele ya Ukuta

Asubuhi ile ya Mei 2021 Goma nzima ilikuwa barabarani, na usiniulize nani alibaki nyumbani, maana hata mbuzi walikuwa wanaelekea Sake. Siku tano kabla, volkano ilikuwa imepasuka jioni, ikala nyumba za Buhene, ikakaribia uwanja wa ndege, ikasimama. Tukamshukuru Mungu mapema mno. Ardhi ikaanza kutetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka, halafu redio ikatangaza: tokeni, tokeni leo hii. Basi tukatoka. Mwaka wa 2002 tulitoka, vita hivi tulitoka, vita vile tulitoka. Mtu wa Goma anajua kufunga mzigo kabla hajajua kusoma.

Ila Kahindo hakuwa amefunga mzigo wa maana. Wengine walibeba matela ya kulalia, sufuria na kuku. Yeye alibeba kichwani ubao mkubwa unaokunjwa mara mbili kama kitabu, umefungwa kwa kamba, na katikati yake michoro arobaini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mwenyeji wa Butembo, aliyekuja Goma kusoma sanaa chuo kikuu, mwaka wa kwanza. Alivaa sketi ya jinzi iliyopauka, kikwembe, yaani kitenge, cha buluu mabegani, na raba zilizoliwa na mawe meusi ya mji huu. Jua halikuwa limepanda vizuri na tayari alikuwa amechoka.

Nyuma yake lori likapiga honi, likapiga tena.

"Dada! Wewe dada wa mulango!"

Kahindo akageuka polepole kwa sababu ya ubao. Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani: kijana mwembamba, kofia nyeupe imesukumwa nyuma, taulo shingoni, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Wenzako wanakimbia na matela. Wewe umeng'oa mulango ya nyumba ya nani?"

"Si mulango. Ni mambo ya masomo."

"Masomo ya useremala?"

"Ya kuchora, bwana. Acha nipite."

Alitaka kukasirika akakosa nguvu, akajikuta anacheka. Kijana naye akacheka, akafungua mlango. "Leta juu. Na wewe panda. Usiogope, mama yangu iko humu ndani."

Jina lake Twahiru, mtoto wa mtaa wa Majengo, watu wa asili ya Maniema. Mama yake, Mama Asma, alikaa katikati na baibui yake nyeusi, thermosi ya chai mapajani, akampa Kahindo andazi bila kumwuliza dini wala kabila. Walitambaa hivyo hadi Sake. Pale Kahindo akashuka kutafuta maji, na aliporudi na chupa zake mbili, askari walikuwa wameyasogeza malori yote mbele. Alitafuta mpaka miguu ikakataa. Lori limekwenda, na michoro arobaini ndani yake. Akakaa juu ya jiwe akalia machozi ya uchovu.

*

Wiki chache baadaye watu walirudi, na Kahindo akarudi mikono mitupu. Profesa Constant, mtu mfupi ambaye suruali yake ilikuwa na rangi za miaka ishirini, hakumwonea huruma hata kidogo.

"Arobaini imepotea? Vizuri. Arobaini ya kwanza ni takataka ya kila mutu. Anza tena."

Kahindo alikuwa anaanza tena, mgongo umepinda mbele ya karatasi, aliposikia mlangoni mwa atelié, chumba chao cha kuchorea, sauti anayoijua.

"Natafuta mwenye mulango."

Wanafunzi wote wakageuka. Twahiru alisimama pale na ubao kichwani, shati jeupe limepigwa pasi, anatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Umenipata namna gani?" Kahindo akauliza.

"Si uliandika jina nyuma? Nimezunguka vyuo vitatu. Kile cha kwanza walinituma kwa maseremala kweli."

"Uliangalia michoro?"

"Mama ndiye aliangalia. Anasema mikono unachora kama viazi."

"Hajakosea."

Basi ndivyo jambo lilivyoanza, na kama unasubiri nikwambie moyo wa mtu ulidunda namna gani, utasubiri. Walikuwa wamechoka wote wawili. Walipeana namba za simu.

Mwaka wa kwanza wa Kahindo ulidumu karibu miaka miwili. Corona iliula, volkano ikaula, maprofesa wakagoma, wakaanza upya tangu mwanzo. Karatasi nyeupe ilikuwa ghali, kwa hiyo walichora juu ya karatasi ya mifuko ya simenti, wakiipangusa kwanza kwa kitambaa. Makala ya kuchorea, yaani makaa, waliyachagua kwenye magunia ya kupikia, vipande vyembamba vya mti laini. Mchoro ukiisha waliupulizia laki, ile dawa ya kupuliza nywele ya saluni, ili unga wa makala usiondoke na upepo. Kufuta kulikatazwa. "Kosa libaki," alisema Constant, "ulione kila siku, likuchoshe." Na kazi kubwa ya mwaka ilikuwa hii: chagua mtu mmoja, mchore mwaka mzima, yeye tu.

Kahindo akapiga simu.

"Twahiru, niko na shida."

"Mulango imepotea tena?"

"Natafuta mutu wa kukaa saa mbili bila kutikisika."

"Saa mbili! Sheri wangu, mimi barabara ya Rutshuru inanitikisa siku mbili mufululizo. Kukaa tu? Hiyo si kazi, hiyo ni likizo."

Akaja kila alipotoka safari. Siku ya kwanza alikaa kitini wima kama anapigwa picha ya pasipoti, na baada ya dakika kumi kidevu kikaanguka kifuani. Kahindo akataka kumwamsha. Constant akamzuia.

"Chora hivyo hivyo. Usichore pua, pua unaijua tangu utoto. Chora kivuli kilicho chini yake."

Kahindo akanyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapima uso wa Twahiru kwa kijiti: kutoka nyusi hadi kidevu, kutoka sikio hadi bega. Akachora nafasi tupu iliyo kati ya mkono na ubavu. Akakosea, akachora juu ya kosa. Twahiru alipozinduka, jua lilikuwa limehama dirisha.

"Nimelala? Bo, nimekuharibia."

"Umenisaidia. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeipata shingo ya mutu."

"Na mimi ni mara ya kwanza nimelala bila kuota barabara."

Siku hiyo Twahiru akamweleza. Kaka yake Idrissa ndiye aliyekuwa dereva. Alipigwa risasi njiani miaka mitatu iliyopita, wakamrudisha Majengo ndani ya lori lake mwenyewe, amelala chali, amefunikwa kikwembe. Tangu hapo Twahiru anashika usukani wa marehemu, na usingizi wa kitandani umemkataa. Kahindo akamkumbatia, mkono mweusi wa makala mgongoni mwake. Kesho yake Mama Asma alikuwa anafua, akaona alama tano nyeusi za vidole mgongoni mwa shati jeupe la Ijumaa.

"Huyu mwalimu wako wa kuchora," akauliza, "anafundishia mugongoni?"

Twahiru akatoka nje mbio. Jioni akapiga simu. "Mupenzi, nawa mikono. Mama amekwisha kusoma ile barua uliniandikia kwenye shati."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Mama yangu kucheka! Tangu Idrissa afe sijamusikia."

*

Sasa nifike pale ambapo mambo yaliharibika, na nitasema wazi kwamba kosa lilikuwa la Kahindo, ingawa nampenda.

Atelié ile ina siku ya ukuta. Mwanafunzi anatundika kazi zake zote, wenzake wanasimama mbele, na kwa dakika ishirini wanasema wanachokiona. Mwenye kazi anasimama kando na mdomo wake umefungwa. Hajibu, haelezi, hajitetei. "Mchoro wako hautatembea na wewe kuuelezea," ndivyo Constant alivyozoea kusema. Na siku ya ukuta wa mwisho wa mwaka, ukitoa neno, ukuta wako unafungwa na unarudia mwaka. Kahindo alikuwa amekwisha kurudia mara moja kwa ajili ya volkano. Baba yake, Papa Sikuli, mkulima wa kahawa, alikuwa amesema shamba halitalipa mwaka wa kwanza wa tatu.

Sheria hiyo aliizoea kiasi kwamba alisahau kuwa ni sheria. Akamwalika Twahiru bila kumwambia neno lolote juu yake.

Ilikuwa Oktoba 2022. Twahiru akaja na kanzu iliyonyooshwa, amemshika mkono Mama Asma, ambaye alivaa kikwembe kipya cha kijani na kilemba chake. Kahindo aliwaona wakiingia akafurahi. Ukutani kulikuwa na michoro kumi na miwili ya Twahiru: akiwa kitini, akiangalia dirisha, akikuna sikio. Na katikati, juu ya mifuko minne ya simenti iliyogundishwa pamoja, ule mkubwa. Twahiru amelala chali kwenye benchi, kikwembe hadi kifuani, mkono mmoja umening'inia. Ndio mchoro alioupenda kuliko yote.

"Dakika ishirini," akasema Constant, akaangalia saa.

Julien, kijana wa darasa lao, mwenye maneno mengi, akaanza. "Mimi naona maiti."

"Ndiyo," akasema mwingine. "Ni mutu wa vita. Angalia mukono. Roho imekwisha kutoka."

"Ni kifo, lakini ni kifo kizuri," akaendelea Julien, naye alikuwa anasifu, maskini. "Amemupata kabisa."

Mama Asma akasogea mbele, akaushika ukuta. "Idrissa," akasema. Halafu akaanza kulia kwa sauti ndogo.

Twahiru akamgeukia Kahindo.

"Waambie. Waambie nilikuwa nimelala tu."

Kahindo akamtazama Constant. Constant akainua kidole: bado dakika kumi na moja.

"Kahindo. Mama yangu iko nalia. Sema neno moja."

Kahindo akaona shamba la kahawa, akaona miaka miwili ya makala kwenye mapafu, akatikisa kichwa. Yeye alitaka kusema: si sasa, ngoja kidogo. Twahiru alisoma kitu kingine, na ungekuwa wewe ungesoma hicho hicho. Akamfuta mama yake machozi kwa kitambaa cha kilemba, akamshika bega, wakatoka.

Dakika ishirini zilipokwisha Kahindo alikimbia hadi barabarani. Pikipiki iliyowabeba ilikuwa imekwenda. Alipiga simu mara tisa. Mwishoni ukaja ujumbe: *Umenichora nimekufa, na mbele ya watu umekubali. Kesho niko njiani. Usinipigie.*

Constant alimpa pointi za juu kuliko darasa zima. Kahindo aliikunja ile karatasi ya pointi, akaitia mfukoni, akaenda nyumbani kulala na viatu.

*

Kesho yake Twahiru alipandisha lori kwenda Rutshuru, na siku hiyo hiyo waasi wakaanza tena. Nimechoka hata kuwataja. Baada ya siku chache kambi ya jeshi ya Rumangabo ikaanguka, barabara ikakatika, na simu ya Twahiru ikawa haipatikani, haipatikani, haipatikani.

Kahindo akaenda Majengo. Mama Asma akafungua mlango, hakumkaribisha.

"Umekuja kumaliza kumuchora?"

"Mama, nimekuja kueleza."

Akaeleza pale pale kizingitini, akilia: ukuta, dakika, mdomo, mwaka wa tatu. Mama Asma alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe kulikuwa na sheria."

"Ndiyo, mama."

"Na haukutuambia."

"Nilisahau kwamba ninyi hamuijui."

"Ni sheria ya kipumbavu."

"Ndiyo, mama."

Mama Asma akashusha pumzi ndefu. "Ingia. Hii sombe haitajichambua yenyewe."

Akaingia, akachambua yale majani ya muhogo. Kesho yake akarudi tena, na kesho kutwa. Wanawake wawili, mmoja na tasbihi na mwingine na rozari, walichambua sombe wiki tatu wakisikiliza redio ile ile. Kuchora hakukuwezekana. Kila alipofumba jicho moja kupima kitu, alimpima Twahiru.

Katikati ya Novemba mabomu yakasikika Kibumba na watu wakaanza kushuka kwa maelfu. Kila asubuhi Kahindo alikwenda Kibati, kaskazini mwa mji, akasimama kando ya barabara, akauliza wapita njia: mumeona dereva mwembamba, mwenye kofia nyeupe? Wengine walimjibu kwa upole, wengine walimwambia hapa sote ni wembamba. Siku ya tano, mvua ikiwa imekatika, akamwona yeye. Hakuwa na kofia. Hakuwa na viatu pia. Miguu ilikuwa imefungwa vipande vya turubai, na alitembea akiichagua ardhi.

"Twahiru!"

Akasimama. "Unatafuta nini huku?"

"Wewe."

"Umekuja kuchora watu wa vita?"

Neno lilimchoma, nalo lilistahili kumchoma. "Sikubeba hata kipande cha kalamu," akasema. Halafu akapaza sauti, katikati ya matela na jerikani na ndoo, watu wakimpita kushoto na kulia. "Twahiru, haukuwa maiti! Ulikuwa umelala, na mimi nilikaa pale nikimwomba Mungu usiamuke, sababu saa ile tu ndiyo sura yako ilikuwa imepumzika. Nilitaka kuwaambia. Tulikatazwa kusema, na mimi nikaogopa kurudia mwaka, nikaona bora wewe ulie kuliko mimi nirudie. Nilikosa. Afadhali ningefungua mdomo nikarudia. Nakupenda, na nilipaswa kusema pale!"

"Dada," akasema mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, "ukimaliza kumupenda, utupishe."

Twahiru alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Wakasogea kando, akakaa juu ya jiwe.

"Hasira ilikwisha siku ya pili," akasema. "Siku ya tatu nilikuwa natafuta mahali pa kuchaji simu nikuombe pole. Gari wamechukua, Kahindo. Gari la Idrissa. Nimetoka Rutshuru kwa miguu siku kumi na sita, mchana najificha shambani, na kila siku nakusemesha peke yangu kama mwehu." Akaangalia miguu yake. "Siku ile nilikuja na mama ili nimuambie mbele yako kwamba nataka kukuoa. Sasa nitakuoa na nini? Kwenu Butembo mutu anaenda na mbuzi. Mimi hata lapa za miguuni sina."

Kahindo alitoa simu, akampigia baba yake. Simu yenyewe ilikuwa imekufa spika ya nje, kwa hiyo Twahiru alisikia upande mmoja tu, akabaki anaangalia midomo yake.

"Papa, jambo. Ni Kahindo."

"Uko muzima?" Sauti ya Papa Sikuli ilikuja na kikohozi chake cha zamani. "Tunasikia wamefika Kibumba."

"Niko muzima. Papa, kuna mutu anataka kunioa, na mimi namutaka."

"Leo? Na vita hii?"

"Leo. Ni wa hapa Goma, mwislamu. Alikuwa dereva, wamemunyang'anya gari. Mbuzi hana. Na angekuwa nao, njia imefungwa, wangepita wapi?"

Kahindo alisikia jogoo wa Butembo, halafu kiti cha baba yake kikilia.

"Sasa huyo mutu iko na nini?"

"Iko na miguu imevimba, Papa. Ametoka Rutshuru, siku kumi na sita. Turubai imeshikana na ngozi."

Kahindo akadhani mtandao umekatika, akaiangalia simu, akairudisha sikioni.

"Mwaka wa tisini na sita," akasema mzee polepole, "mimi nilikimbia vita Goma mpaka hapa kwa miguu. Wewe ulikuwa haujazaliwa. Mwezi muzima sikuvaa kiatu, na hakuna mutu aliniuliza nimetoka na nini." Akakohoa. "Mbuzi watakuja siku njia itafunguka. Mambo ya dini, muongee na padri na shehe. Mimi nimechoka kukatalia watu. Sikia, mutoto wangu. Usimutoe hiyo turubai kwa nguvu. Tafuta maji ya vuguvugu, tia chumvi, iloweke mpaka iachie yenyewe. Fanya wewe, usitume mutu."

"Ndiyo, Papa."

Akaikata simu, akabaki ameishika.

"Amesema nini?" Twahiru akauliza. "Amekataa. Sema tu, nimezoea."

"Amesema nikuoshe miguu."

Twahiru, ambaye hakulia Idrissa alipoletwa wala gari lilipochukuliwa, alivuta ncha ya kikwembe cha Kahindo, akajifunika uso, akalia hapo kando ya barabara mbele ya watu wote.